Msimbo wa Wote, Jina la Nani?

Pita Kariakoo asubuhi, mtaa wowote wenye maduka ya vitenge, vyombo au simu, utaliona neno lilelile limepigwa rangi juu ya milango: JUMLA NA REJAREJA. Hakuna mwenye duka anayeweza kwenda kwa msajili akadai kwamba neno "jumla" ni lake peke yake. Likiwa lake, jirani ataandika nini kumweleza mteja kwamba na yeye anauza kwa katoni? Lakini neno hilohilo, likiandikwa kwa herufi mbili za o na kubandikwa kwenye programu ya kuendeshea tovuti, lina mwenyewe. Joomla ni alama ya biashara, na anayetaka kuiweka kwenye bidhaa au huduma yake inampasa kwanza asome masharti ya mwenye alama.

Joomla ilizaliwa kwa ugomvi wa jina. Waandishi wake wakuu walikuwa wakitengeneza programu huria iitwayo Mambo, iliyoanzia katika kampuni ya Miro ya Australia. Msimbo ulikuwa chini ya leseni ya GPL, kwa hiyo yeyote aliruhusiwa kuuchukua, kuurekebisha na kuugawa. Jina lilikuwa mali ya kampuni. Agosti 2005, baada ya kampuni kuunda wakfu wa kuusimamia mradi kwa namna ambayo waandishi waliona imewaweka kando, waliondoka. Waliondoka na msimbo wote mpaka mstari wa mwisho, kihalali kabisa. Jina waliliacha mezani. Tarehe 1 Septemba wakatangaza jina jipya, wakieleza kwamba wamelitoa katika Kiswahili, "jumla", kwa maana ya wote kwa pamoja. Wafuasi wengi waliwafuata, na Mambo ikadhoofika hadi ikaachwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kimebeba swali zima. Katika mradi wa programu huria karibu kila kitu hugawanywa: msimbo, maelezo, hata mijadala ya ndani husomwa na kila mtu. Kisichogawanywa ni jina. Na jina ndilo ambalo wengi wetu hulichagua kwa dakika tano, usiku, kabla hata hatujaandika mstari wa kwanza, kisha hatulirudii mpaka siku barua ya wakili inapofika. Kwa anayeandika programu akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura upo mtego wa ziada ambao sijauona ukielezwa vya kutosha: neno la Kiswahili kwa kawaida huwa dhaifu nyumbani na lenye nguvu ugenini, na nguvu hiyo humwendea aliyewahi.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo watu huchanganya. Hakimiliki inahusu kilichoandikwa: mistari ya msimbo, maelezo, michoro. Hiyo ndiyo inayofunguliwa na leseni huria. Alama ya biashara inahusu jina na nembo, na kazi yake ni kumhakikishia mtumiaji kwamba alichopakua kimetoka mahali anapodhani kimetoka. Mama ntilie akikufundisha pilau yake, bizari nyembamba kiasi gani na nyama ichemke kwa muda gani, amekuruhusu kupika na hata kuuza. Hajakuruhusu kuandika jina lake juu ya mlango wa kibanda chako.

Leseni zenyewe zinalisema hili. Apache 2.0, kifungu cha 6, inatamka kwamba haimpi mtu ruhusa ya kutumia majina na alama za mtoa leseni, isipokuwa kwa kadiri inavyohitajika kueleza programu imetoka wapi. GPL ya toleo la 3, iliyotoka 2007, inamruhusu mwandishi katika kifungu cha 7 kuongeza sharti la kuzuia haki ya alama. Leseni ya MIT, ambayo vijana wetu wanaipenda kwa ufupi wake, haisemi neno lolote kuhusu alama, na ukimya huo usichukuliwe kuwa ruhusa. Hata fasili rasmi ya programu huria, katika kifungu chake cha 4, inakubali leseni inayodai kwamba kazi iliyorekebishwa ipewe jina jingine au namba nyingine ya toleo.

Wapo wanaoona hapa kuna unafiki: vipi programu iwe huru na jina lake lifungwe? Sikubaliani nao. Programu huria inayopendwa hunakiliwa pia na matapeli, ikatiwa matangazo au virusi, kisha ikasambazwa kwa jina lilelile. Leseni haiwezi kumzuia tapeli kurekebisha msimbo, kwa kuwa haki ya kurekebisha ndiyo roho ya leseni. Kinachoweza kumzuia ni jina. Bibi aliyepakua kivinjari apate kuongea na wajukuu wake hawezi kukagua mistari milioni kadhaa. Anaamini jina, basi.

Migongano ya majina huanza mara nyingi bila nia mbaya. Mwaka 2002 mradi wa Mozilla ulitoa kivinjari kidogo, chepesi, ukakiita Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu. Kulikuwa na kampuni iitwayo Phoenix Technologies, maarufu kwa programu zinazoiamsha kompyuta inapowashwa, nayo ilikuwa na kivinjari chake. Aprili 2003 jina likabadilishwa kuwa Firebird. Safari hii aliyeumia hakuwa kampuni tajiri. Firebird lilikuwa tayari jina la hifadhidata huria, iliyotokana na msimbo ambao kampuni ya Borland iliufungua mwaka 2000. Waandishi wa hifadhidata hiyo, watu wa kujitolea kama wenzao wa Mozilla, walijaza malalamiko kila mahali. Tarehe 9 Februari 2004 kivinjari kikapata jina la tatu, Firefox, na Mozilla ilikuwa imeanza taratibu za usajili Marekani kabla ya kulitangaza.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini mimi naona kina uchungu. Kosa la kwanza, la Phoenix, ni la mtu asiyetafuta. La pili ni la mtu aliyetafuta kwa kuangalia wenye mawakili tu, akamsahau mwenzake asiye na fedha. Sheria nyingi za alama zinaweza kumlinda pia aliyelitumia jina kwanza sokoni, hata kama hajasajili, na jumuiya ya programu huria ina sheria yake isiyoandikwa inayomlinda zaidi. Kwa hiyo utafutaji usiishie kwa msajili. Uende kwenye maghala ya msimbo, maduka ya programu za simu, majina ya vikoa, na miradi iliyokufa ambayo bado ina watumiaji.

Tena haitoshi kutafuta jina lililo sawa herufi kwa herufi. Msajili na mahakama huuliza kama majina mawili yanafanana kwa sauti, kwa sura au kwa maana kiasi cha kumchanganya mnunuzi wa kawaida, na kama bidhaa zenyewe zinakaribiana. Andrew Tridgell wa Australia alikumbana na hili miaka ya 1990. Alikuwa ameandika programu ya kuwezesha kompyuta za Unix kugawana mafaili na zile za Windows, kwa itifaki iitwayo SMB, akaipa jina linalotokana na herufi hizo. Kampuni iliyokuwa na alama inayofanana nalo ikamwandikia. Tridgell hakugombana. Alikaa mbele ya kompyuta yake akaiamuru ipekue kamusi ya Kiingereza iliyohifadhiwa ndani yake na kumtolea kila neno linaloanza na s, kisha likawa na m na b kwa mpangilio huo. Orodha ilikuwa fupi, na "samba" ilikuwemo. Amri ile, kwenye kamusi yetu, ingemtolea simba, sambamba, shamba na sambusa. Alichofanya kilikuwa cha busara kwa namna mbili: alihifadhi kumbukumbu ya itifaki kwa watumiaji wake, na akaondoka kwenye jina linaloeleza kazi kwenda kwenye jina lisiloeleza chochote. Samba ipo hadi leo.

Alama ina mipaka ya nchi pia, jambo ambalo intaneti hutusahaulisha. Programu ya ofisi ya OpenOffice.org ilibeba ule mkia wa ".org" kwa sababu "OpenOffice" tupu lilikuwa jina la watu wengine Uholanzi, na Brazil ilibidi itumie jina BrOffice.org kwa sababu ya mgogoro wa hukohuko. Mwaka 2013 wakfu wa Python, wenye alama yake Marekani, ulishtuka kusikia kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili neno "Python" kwa Umoja wa Ulaya, kwa ajili ya programu na seva. Lugha ya programu iliyokuwa ikitumika duniani kote kwa zaidi ya miaka 20 haikuwa na usajili huko. Wakfu uliomba kampuni na vyuo vya Ulaya vilete barua kuthibitisha kwamba vinaitambua Python kama lugha hiyo. Barua zilikuja, na mgogoro ukamalizwa kwa maelewano mwaka huohuo.

Linux nayo iliponea karibu hivyo. Linus Torvalds alitoa toleo la kwanza mwaka 1991 bila kuwaza usajili. Mwaka 1994 wakili mmoja wa Boston aliomba alama ya "Linux" kwa jina lake mwenyewe, akaipata, kisha akaanza kuzidai asilimia ya mapato kampuni zilizokuwa zikiuza Linux. Shauri liliisha 1997 kwa alama kuhamishiwa kwa Torvalds. Mradi wa GNOME, kwa upande mwingine, ulikuwa umesajili jina lake mapema. Novemba 2014, kampuni ya Groupon ilipoleta bidhaa yake iitwayo Gnome na maombi 28 ya alama, wakfu ulikuwa na mahali pa kusimama. Uliomba michango ya dola 80,000 kugharamia pingamizi za kwanza, na ndani ya siku moja Groupon ikarudi nyuma. Hati moja iliyosajiliwa miaka ya nyuma ilifanya kazi ambayo hasira ya watu peke yake isingeifanya.

Hatari inayoniogofya zaidi, hata hivyo, haitoki kwa mgeni. Inatoka ndani ya nyumba. Gerald Combs aliandika Ethereal, programu ya kuchungulia yanayopita kwenye mtandao wa kompyuta, akaitoa mwaka 1998. Mwaka 2006 alihama kazi. Sehemu kubwa ya msimbo ilikuwa yake na uliobaki ulikuwa chini ya GPL, kwa hiyo alihama nao. Jina halikuwa lake, lilibaki kwa mwajiri wa zamani. Aliyeliasisi, akalibeba kwa miaka minane, aliamka asubuhi akiwa hana ruhusa ya kuliita tunda lake kwa jina alilolipa. Ikabidi mradi uitwe Wireshark. Wanafunzi wa mitandao wa leo wanaijua Wireshark, na Ethereal imebaki kwenye vitabu vya zamani.

Kohsuke Kawaguchi naye alianzisha Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Sun. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, ilidai haki ya jina. Mazungumzo yakashindikana, na mwishoni mwa Januari 2011 jumuiya ikapiga kura: 214 wakakubali kuhamia jina la Jenkins, 14 wakakataa. Oracle ikabaki na Hudson, ikaipeleka Eclipse Foundation, na hatimaye Hudson ikakosa watunzaji. Miezi michache kabla ya kura hiyo, Septemba 2010, waandishi wa OpenOffice.org walikuwa wameunda wakfu wao na kuiomba Oracle iwape jina. Hawakulipata. Mwaka uliofuata Oracle ilikabidhi jina na msimbo kwa Apache Software Foundation, wakati waandishi wengi walikwisha kuhamia kwenye jina jipya, LibreOffice. Miaka ya karibuni njia hiyo imepitiwa tena: kampuni inabadilisha leseni, jumuiya inachukua msimbo wa zamani na kuanza upya kwa jina jipya. OpenTofu ilijitenga na Terraform mwaka 2023, Valkey na Redis mwaka 2024.

Utasema basi jina si kitu, kwa kuwa Jenkins na LibreOffice zimestawi bila majina ya kwanza. Zimestawi kwa sababu zilikuwa na mamia ya watu walioweza kubeba habari mpya hadi kwa watumiaji. Mradi wa watu watatu, wenye watumiaji mia mbili katika hospitali za wilaya au vyama vya akiba na mikopo, ukipoteza jina unapoteza njia pekee ambayo watu wale wanaijua ya kuutafuta.

Je, mwenye jina alishike vipi? Mozilla ilipoliimarisha jina la Firefox, ilitaka kila anayesambaza kivinjari hicho kwa jina hilo apitishe marekebisho yake kwao, na atumie pia nembo rasmi. Debian, mradi wa Linux unaojulikana kwa msimamo mkali juu ya uhuru wa programu, haukuweza: nembo haikuwa na leseni huria, na Debian ilihitaji kuziba matundu ya usalama katika matoleo yake ya zamani bila kusubiri ruhusa. Mwaka 2006 Debian ikafuta jina, ikaita kivinjari kilekile Iceweasel. Hali ikawa hivyo hadi 2016, pande mbili zilipoelewana na Firefox ikarudi. Kwa miaka kumi mtumiaji wa Debian alifungua kivinjari kisichofanana kwa jina na cha mwenzake wa Ubuntu, mradi mwingine wa Linux, ingawa msimbo ulikaribiana kabisa. Siwezi kuulaumu upande wowote moja kwa moja. Mozilla ilikuwa ikilinda imani ya mtumiaji, na Debian ikilinda ahadi yake. Lakini naona Mozilla ingeweza kuandika masharti yanayotofautisha rafiki na tapeli mapema zaidi kuliko ilivyofanya.

Kushika kwa nguvu kupita kiasi huwaudhi hata wapenzi. Aprili 2023 wakfu wa lugha ya Rust ulitoa rasimu ya masharti ya jina na nembo, watu wakaona inawabana hata katika kutaja lugha hiyo kwenye majina ya zana na mikutano yao. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba wakfu uliomba radhi na kurudi kuandika upya. Kuachia ovyo nako kuna gharama. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua, katika shauri la mtandao wa Freecycle wa kugawiana vitu bure, kwamba mwenye alama aliyeviruhusu vikundi kuitumia bila kusimamia ubora wake amepoteza haki ya kuidai dhidi ya kimojawapo cha vikundi hivyo. Freecycle haikuwa programu, lakini muundo wake wa vikundi vya kujitolea vinavyojiendesha unafanana mno na jumuiya zetu za programu.

Kuna mahali ambapo sheria haipati hata nafasi ya kusikilizwa. Machi 2016, Azer Koçulu alikuwa na kifurushi kidogo kiitwacho kik katika ghala la npm, ambako waandika JavaScript duniani huchota vipande vya msimbo. Kampuni ya Kanada yenye programu ya ujumbe ya jina hilo ilimwandikia ikilitaka. Alikataa. Ikawaandikia wenye ghala, nao wakaihamishia kampuni jina. Koçulu akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250, na kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Miradi mikubwa iliyokuwa ikitegemea mistari ile 11 ikasimama kujengeka pande zote za dunia mpaka ghala liliporudisha kifurushi siku hiyohiyo. Hakuna hakimu aliyeketi. Hakuna aliyepima kama mtumiaji angechanganya zana ya waandika programu na programu ya kuchatia. Mwenye ghala aliamua, na uamuzi ukawa umekwisha. Ukichapisha mradi wako katika ghala la mtu, masharti yake ya majina yana uzito kwako kuliko sheria ya bunge lolote, na ni wachache wanaoyasoma.

Sasa nirudi kwenye jumla na rejareja. Nguvu ya jina haikai ndani ya neno, inatokana na umbali kati ya neno na kitu linachokiita. Chini kabisa ya ngazi kuna jina la kitu chenyewe, ambalo halisajiliki. Juu yake kuna jina linaloeleza sifa au kazi, ambalo husajiliwa kwa shida. Kisha linalodokeza, kisha neno la kawaida lililopelekwa mahali pasipohusiana nalo, na juu kabisa neno lililobuniwa. Programu ya kuhesabu mauzo ikiitwa Hesabu iko karibu na chini. Ikiitwa Pweza imepanda. Jina "open source" lenyewe lilikwama kwenye ngazi hii: waasisi wa harakati hiyo walijaribu kulifanya alama ya biashara Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakubali mwaka 1999 kwamba linaeleza mno kiasi kwamba halisajiliki.

Chukua neno "ushahidi". Januari 2008, baada ya vurugu za uchaguzi Kenya, kundi la Wakenya na marafiki zao lilitengeneza jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi kwa simu na intaneti na kuziweka kwenye ramani. Waliliita Ushahidi, na msimbo wake ukafunguliwa na kutumika baadaye katika nchi nyingi. Kwa msomaji wa Kiingereza au Kihispania jina hilo ni sauti mpya kabisa, haina maana nyingine kichwani mwake isipokuwa jukwaa lile. Kwa Mkenya linasema wazi kinachokusanywa. Mtu mwingine Nairobi akitengeneza programu ya kutunza vielelezo vya mahakamani, atalihitaji neno hilohilo kuelezea kazi yake, na ana hoja. Neno moja liko ngazi mbili tofauti, kutegemea aliyelisikia amelelewa lugha gani.

Wageni wameshaugundua umbali huo. Leslie Scott, aliyelelewa Afrika Mashariki, alianza kuuza mchezo wa vipande vya mbao London mwaka 1983, akauita Jenga. Kwa Muingereza ni neno lisilo na maana, kwa hiyo ni alama nzuri. Kwetu ni amri anayopewa fundi. Disney ilisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya nguo, usajili ukakamilika mwaka 2003, na mwishoni mwa 2018 watu wengi walitia saini kupinga. Hasira ile naielewa na naiheshimu, ingawa usajili wenyewe ni mwembamba kuliko ulivyosimuliwa: unahusu nguo zinazouzwa Marekani, haumzuii mtu kusema wala kuimba. Msajili wa Marekani humtaka mwombaji ataje tafsiri ya neno la kigeni, lakini neno ambalo mnunuzi wa Kimarekani hatalielewa bado hupita kwa urahisi. Ndivyo Ubuntu, neno la Kinguni lenye shina moja na "utu" wetu, lilivyo alama ya kampuni ya Canonical katika soko la programu tangu 2004, na Waafrika wameendelea kulitumia katika falsafa na mahubiri bila kuulizwa.

Wengine hudhani dawa ni kubadili tahajia, kama ilivyofanywa na Joomla. Haitoshi. Sheria husikiliza sauti, na "Joomla" ikisomwa kwa sauti ni "jumla" yetu. Kilichoifanya isimame ni kwamba neno hilo halielezi programu ya tovuti. Ingekuwa programu ya maduka ya jumla, zile o mbili zisingeiokoa hapa kwetu. Ushauri wangu kwa anayetaka jina la Kiswahili, na natamani wawe wengi, ni achague neno la kweli lililo mbali na kazi ya programu, au aunganishe maneno mawili ambayo hakuna aliyezoea kuyasikia pamoja. Lugha yetu ina majina ya samaki, ndege, miti, vyombo vya jahazi na mishono ya kofia ambayo hayajawahi kugusa kompyuta.

Kisha asajili, ikiwa mradi umeanza kutegemewa. Programu za kupakua huwekwa katika fungu la 9 la mfumo wa kimataifa, na huduma za programu katika fungu la 42. Kila fungu lina ada yake, kwa hiyo mradi mdogo unaweza kuanza na moja. Tanzania Bara msajili ni BRELA, chini ya sheria ya 1986, na usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina sheria yake ya 2008 na wakala wake, BPRA. Hati ya Dar es Salaam haivuki bahari, na nimeona watu wazima katika biashara wasiolijua hili. Kenya ni KIPI, kwa miaka 10. Uganda ni URSB. Kenya, tangu 1998, na Rwanda, tangu 2013, ziko katika Itifaki ya Madrid, inayomwezesha mwombaji kutaja nchi nyingi katika ombi moja. Kutafuta majina kwenye hifadhidata ya alama ya shirika la WIPO hakuna malipo.

La mwisho ni nani aandikwe mmiliki. Akiandikwa mtu mmoja, ataoa, atahama, atafariki, na jina litakuwa sehemu ya mirathi. Ikiandikwa kampuni inayomlipa mshahara, kumbuka Ethereal. Wakfu ni bora, na miradi isiyoweza kuanzisha wake inaweza kuingia chini ya mwavuli wa taasisi zilizopo, kama Software Freedom Conservancy au Apache, ambazo hushika alama kwa niaba ya miradi. Hapa Afrika Mashariki bado hatuna mwavuli wa aina hiyo unaojulikana na wengi, na vyuo vyetu vikuu pamoja na vyama vya wataalamu wa kompyuta vina uwezo wa kuujenga.

Mpaka hapo utakapojengwa, nina ombi kwako unayeandika programu huria na una wenzako hata wawili. Leo, kabla hamjatoa toleo jingine, fungueni faili jipya karibu na faili la leseni. Andikeni ndani yake jina la mradi ni la nani, nani anaruhusiwa kulitumia na kwa jambo gani, na mwenye jina akiondoka litakwenda kwa nani. Mistari kumi inatosha. Wote watie saini.